Kumsimamia Baba

Njoro, Moshi
18 Machi 2024

Kaka Jackson,

Shikamoo. Natumaini wewe, wifi na watoto hamjambo huko Dar. Mimi mzima. Baba si mzima, ndiyo maana naandika. Simu zako nimeacha kuzipokea makusudi, kwa sababu kwenye simu unaongea wewe tu, mimi nabaki kuitikia. Barua utaisoma mpaka mwisho bila kunikatiza.

Yuditha ameondoka. Jana baada ya ibada nilipanda Machame na nyama ya mtori kama kawaida. Nilimkuta amekaa kibarazani, begi limefungwa, ananisubiri nifike ili asimwache mzee peke yake. Alisema asubuhi alikuwa anamwogesha baba chumbani, mara sauti yako ikatoka kwenye ile kamera uliyoifunga ukutani wakati wa Krismasi: "Yuditha, toka hapo mbele. Unaficha nini?" Akamaliza kumwogesha, akamvisha, akamlaza, akaenda kufunga vitu vyake. Nilimsihi akakataa.

Tangu baba apooze, huyu mama tuliyemwajiri ndiye anayemgeuza, anamlisha, anamsaidia kusema. Sasa ameondoka kwa sababu yako. Baba hataki kuniambia chochote. Amegeukia ukutani na uji hataki.

Leo nimemwachia jirani, nikashuka kuomba ruhusa kazini nibaki naye. Niambie ulikuwa unatafuta nini.

Mdogo wako,
Kindness


Tabata, Dar es Salaam
25 Machi 2024

Mdogo wangu Kindness,

Marahaba. Sisi hatujambo. Pole kwa kuuguza.

Barua yako imenikera, nami nitasema wazi. Wewe unapanda Machame Jumapili, unapika mtori, unashuka. Siku nyingine zote nani anajua kinachoendelea kwenye nyumba ile? Mimi ndiye ninayejua, kwa sababu naangalia. Nimemwona Yuditha amelala mchana. Nimemwona anapiga soga na majirani dirishani, chai ya baba inapoa. Na kila akimwogesha mzee anasimama palepale mbele ya kamera, amenigeuzia mgongo, nisione kitu. Wewe ungekuwa mimi usingeuliza? Tunasikia kila siku wazee wanavyofinywa na kupigwa na watu waliolipwa kuwatunza.

Kiwandani nasimamia zamu nzima. Nakuambia kwa uzoefu, mtu asiposimamiwa hafanyi kazi. Na hili sikujitwika. Tulipomzika mama, baba alinishika mkono mbele ya ukoo wote, akasema, "Jackson, nyumba hii uisimamie." Ulikuwepo. Hakukuambia wewe.

Tafuta mtu mwingine. Umweleze mapema kwamba kuna kamera na kwamba mimi ndiye msimamizi.

Kaka yako,
Jackson


Machame
30 Machi 2024

Kaka,

Shikamoo. Sikuulizi hali, maana najua una afya ya kutosha kupiga watu kelele kutoka Dar.

Baba amesema. Juzi nilitaka kumwogesha mwenyewe, akang'ang'ania blanketi kwa ule mkono wake mmoja. Nikadhani anaona haya kwa kuwa mimi ni binti yake. Akanionyesha ukutani. Maneno yanatoka kwa shida, ikanichukua muda kuelewa. Ni yeye aliyemwomba Yuditha asimame pale. Tangu ile Krismasi ulipoondoka, kila siku ya kuoga alimwambia, "Simama hapo, mtoto asinione." Mtoto ni wewe. Yuditha alikuwa anapinda mgongo na kumwogesha kwa shida kwenye nafasi finyu kati ya kitanda na ukuta, ili umwone yeye usimwone baba yako yuko uchi kwenye beseni. Hukuliona hilo, Jackson, na macho yako yote hayo? Siku ile ulipomtoa pale kwa ukali, mzee alikuwa anakusikia.

Sasa hilo neno lako. Unasema unasimamia. Ulipofunga ndoa, Martha na mumewe walikusimamia. Walifanya nini? Walisimama kando yenu kanisani mpaka miguu ikawauma, na mlipogombana mwaka ule wa kwanza walikuja kwenu mvua inanyesha. Hawakuwachungulia. Msimamizi wa mtihani naye anasimama, ila yeye kazi yake ni kumvizia mtoto asiibe majibu. Katika maana zote za neno hili umeichukua hiyo moja, ukaileta kwenye chumba cha baba.

Nilimuuliza baba alikuwa na maana gani siku ya mazishi. Amesema alitaka watu wakija na neno juu ya nyumba hii wakukute umesimama mlangoni. Wewe umekaa Tabata na simu mkononi.

Kamera sijaitoa. Umeifunga wewe, njoo uitoe wewe.

Kindness


Tabata, Dar es Salaam
6 Mei 2024

Kindness,

Natumaini baba anaendelea vizuri. Barua yako niliichana. Halafu nikaomba likizo.

Umesikia kwamba nilifika wakati wewe umeshuka mjini. Nilimkuta jirani yetu Anaeli amekaa na baba. Niliposhika mlango baba alimwambia Anaeli anitoe. Nikakaa kibarazani kwetu kama mgeni mpaka aliposinzia, ndipo nikaingia nikaing'oa kamera. Imeacha tundu. Niliziba kwa udongo.

Kisha nikaenda Holili, kule mpakani. Yuditha yuko kwenye mgahawa wa dada yake, wanapikia madereva wa malori. Alinisikiliza huku anamenya viazi. Nilimwomba msamaha, akasema amesikia. Nilipogeuka kuondoka akaniambia, "Mimi ulinigombeza tu. Mzee alijifunika uso kwa mkono. Sijawahi kumwona hivyo." Hakusema kama atarudi, nami nilishindwa kumuuliza.

Lakini na ninyi mmenikosea. Miezi yote ile mnajua, hakuna aliyeniambia. Mimi ni mwanawe wa kuzaa. Ningejuaje kwamba ananionea aibu mimi? Mngeniambia.

Kaka yako,
Jackson


Machame
19 Mei 2024

Kaka Jackson,

Shikamoo. Huku mvua bado, barabara ni tope tupu. Mimi nina mafua.

Mimi nilijua siku ile baba aliponionyesha ukutani, nikakuandikia, kwa hiyo usiniweke kwenye hiyo miezi yako. Na Yuditha angekuambia vipi? Angesema kwenye kamera, baba yako anaona aibu, naye baba anasikiliza? Mtu mzima haambiwi kitu kama hicho. Bado nina hasira nawe, na sitajifanya zimeisha kwa sababu umepanda basi mara moja.

Yuditha amerudi Jumatano. Amesema wazi hajarudi kwa ajili yako wala yangu. Sharti lake ni moja: akikosea, baba amwambie mwenyewe, kwa namna yoyote atakayoweza kusema. Nimekubali kwa niaba yako, sikuona haja ya kukuuliza.

Jana baba ameoga. Mimi nilikaa nje, mlango umefungwa. Nilisikia maji, nikamsikia anagomba kwamba ni ya moto mno, na Yuditha anamjibu kwamba jana yake aliyaita ya baridi. Alipomaliza kuvikwa akaniita. Akaniuliza kama Jackson alifika salama Dar siku ile. Nikamwambia alifika.



Mdogo wako,
Kindness