Usimfute Babu Kabla Sijamwona

Karimi mjukuu wangu,

Huku Githongo tu wazima, na kahawa imeiva. Kwa ile picha uliyotuma umekonda, kula. Mama yako ndiye ananiandikia, lakini maneno ni yangu.

Unauliza kwa nini nilimkataza jamaa wa saiba, lile duka la kompyuta na intaneti, kuhamisha picha za marehemu babu yako kutoka kwa simu yangu hadi kompyuta. Nilimuuliza, “Na zikipotea?” Akacheka. Anayecheka hajajibu.

Nikiwa msichana, mpiga picha alimpiga mama yangu picha, akasema anaenda kuisafisha Meru mjini. Hakurudi. Wewe una jina la mama, na sura yake siwezi kukuonyesha.

Njoo uzihamishe wewe, nikikaa kando yako. Na usimfute babu kwa simu mpaka nimwone akinitazama kwa kompyuta.

Cucu yako