Mafuta ya Kondoo Kwenye Pipa

Chebet mjukuu wangu,

Huku Rongai hatujambo. Mama yako amemaliza kuvuna mahindi. Unauliza kama sisi tuliujua utomvu wa paini, huo mnaotengenezea rangi kiwandani.

Tuliujua. Miaka ya hamsini, nikiwa nimeolewa karibuni, babu yako aliuyeyusha akapaka pipa letu la mbao lililokuwa likivuja. Liling'aa hata majirani wakalisifu. Kisha baridi ya usiku ikaupasua utomvu, na maji yetu yote ya kiangazi yakamwagika.

Mama mkwe hakugomba. Aliukwangua, akauyeyusha tena pamoja na mafuta ya kondoo. "Ugumu peke yake hauzuii maji," alisema. Pipa halikuvuja tena.

Unasema dawa yenu inaigandisha rangi iwe ngumu kama jiwe. Sawa. Na mafuta mnatia lini?

Nyanya yako