Siku Moja Bila Vita

Jumanne, 4 Machi
Makala ya Ijumaa imekamilika. Inawahusu wanaokula faida ya chai bila kujua baridi ya shambani alfajiri. Kali. Nimeipenda.

Nilimsomea Korir tukinywa chai ya asubuhi, kama ninavyofanya tangu tuoane. Zamani angenikatiza kila aya. Mara mbili alinifanya nichane karatasi nianze upya. Leo aliitikia kwa kichwa tu, kama jana, kama mwezi mzima huu. Kwa hiyo nikamjaribu. Kwa sauti ileile nikasoma kwamba mbuzi wote wa hapa kwetu Merigi wapewe kura.

"Vizuri sana, Mama Chero," akasema, akaenda kukamua.

Mwanamume aliyenipenda kwa sababu nilibishana na chifu hadharani! Sasa hata upuuzi wangu haumuudhi. Nimemchosha. Inauma.

Ijumaa, 7 Machi
Makala imetoka gazetini. Diwani amenipigia simu akifoka. Nikafoka zaidi. Korir alikuwa palepale mezani, hakuinua macho.

Jioni akaweka tiketi mbili juu ya daftari hili. Kesho. Mchezo wa jukwaani wenye nyimbo, ukumbi wa shule, Kericho. Kisha chakula kwa yule Mturuki aliyefungua hoteli karibu na stendi. Miaka ishirini na minane ya ndoa, na hajawahi kunitoa kwenda mahali pasipo na mnada wa ng'ombe. Sharti moja: siku nzima bila vita.

Nimekubali. Nashuku. Watu hupeana siku nzuri kabla ya kuambiana neno baya.

Jumamosi, 8 Machi
Safu ya kwanza kabisa, puani pa ngoma. Korir ndiye aliyechagua.

Wachumaji wanaimba dhidi ya mashine za kuchuma chai. Nyimbo tamu, nakiri. Kina mama walipoimba wakiwa na vikapu vitupu, nililia. Lakini mwishoni meneja anatubu kwa beti mbili! Meneja wa wapi huyo? Niliuma ulimi. Korir alikuwa akicheka wakati ukumbi umeshamaliza kucheka. Kila mara alitazama uso wangu kwanza.

Kwa Mturuki: mishikaki ya nyama ya kusaga, bilinganya za kuchoma, mkate uliofura kama puto. Maziwa lala yenye chumvi. Korir akayaonja, akafikiri.

"Hii ni mursik yetu ya kibuyu, imenyimwa makaa."

Nilicheka mpaka meza ya jirani ikageuka. Ndipo ikaja chai. Glasi ndogo zenye kiuno, rangi tupu, hata tone la maziwa. Nikamuuliza msichana aliyeileta imetoka wapi.

"Uturuki, mama. Tunaagiza."

Kericho! Na majani chai yako pale, ng'ambo ya barabara! Nikafumba mdomo. Ahadi.

Korir akaweka glasi chini. Akasema sikio la kushoto limekufa. La kulia linafuata. Daktari alimwambia Januari. Alitaka kusikia nyimbo wakati bado zinamfikia, na kuzisikia na mimi.

"Mbona hukuniambia?"

"Ungegombana na daktari."

Kweli.

Nikamwambia habari ya mbuzi. Ilibidi niseme mara mbili. Alicheka hadi akapangusa macho.

"Sikusikia. Niliona tu uso wako umefurahi, nikasema vizuri."

Mwezi mzima nimemhesabu kuwa amenichoka, naye alikuwa akinisoma uso. Niliona aibu. Niliogopa pia. Bado naogopa.

Kisha akasema, "Vita imerudi. Waulize hiyo maneno ya chai. Lakini geukia huku, nione mdomo."

Nikamwita mwenye hoteli. Mbishi mzuri, na Kiswahili anakijua. Maskini, alijibiwa na shavu langu muda wote, maana macho yangu yalikuwa kwa Korir. Na Korir aling'aa kama siku ile ya chifu.

Jumanne, 11 Machi
Mvua. Nimehamisha kiti changu kutoka upande wa jiko hadi dirishani, penye mwanga, mkabala na Korir.

Nilimsomea makala mpya polepole, nikiinua uso kila sentensi. Inahusu chai inayosafiri mbali kuja kunywewa Kericho. Aya ya tatu nikachomeka mbuzi.

Akainua mkono.

"Ng'ombe kwanza."

Tulibishana mpaka chai ikapoa.