Nani Alifungua Zizi

Jumatatu, 7 Novemba 2022

Asubuhi nimemkuta Gidamuda mlangoni mwa ofisi, fimbo mapajani. Shikamoo yangu akaiitikia nusu. Anataka mimi mtendaji wa kijiji niandike wizi. Ng'ombe wake mweusi amechukuliwa Ijumaa na wamama — arobaini, anasema! — wakamchinja korongoni, wakamla wote.

Nikamuuliza kwa nini. Anaangalia ukuta.

Sababu kila mtu anaijua. Alimpiga mke wake, Udaghwenga, na mtoto ana wiki tatu tu. Mkono umevunjika. Kwa Wabarbaig mama aliyetoka kujifungua haguswi. Ukimgusa, wamama wanakaa kikao chao, mwanaume hasogei, na faini ni ng'ombe mweusi. Wanamla wao. Mwanaume haonji.

Nimemwambia arudi kesho, leo fomu zimekwisha. Zipo. Sikutaka tu.

Jumatano, 9 Novemba

Nimekwenda kwa Udaghwenga. Plasta ya hospitali ya Haydom mpaka juu ya kiwiko, mtoto ananyonya upande wa pili. Hospitalini alisema ameanguka. Kwa hiyo hakuna PF3, ile fomu ya polisi ya majeruhi, hakuna kesi. Kwenye sheria huyu mama hajapigwa! Kwenye sheria kilichotokea kijijini kwangu ni ng'ombe tu.

Nilikasirika, nikamwambia twende polisi, nitamshika mkono ule mzima. Akasema Gidamuda akifungwa, nani atanywesha mifugo? Nani atahama nayo ukame ukizidi? Wamama wameshamaliza, anasema. Toka siku ile mume anamsalimia asubuhi mbele ya watu, na kabla hakuwahi.

Nikasema salamu haiungi mfupa. Akaniuliza kama nina mtoto. Sina. Akacheka, si kwa ubaya.

Semina ya Babati walitufundisha mila ikipingana na sheria, mila inakaa pembeni. Nilipigia mstari mara mbili, mwanafunzi mzuri. Hakuna aliyetufundisha ufanyeje pale sheria haioni na mila imeona.

Ijumaa, 11 Novemba

Mungu wangu.

Baba amepiga simu kutoka Nambis. Mvua imekaribia, anataka maksai wake wawili, mweusi na mwekundu, wapandishwe wakalime. Kila mwaka baada ya mavuno anawashusha huku tambarare kwa rafiki yake wa siku nyingi, wapate majani. Karatasi hakuna, ni urafiki tu. Rafiki alifariki mwezi wa nne, Baba akaona mtoto wa marehemu atashika urafiki ule ule. Mwaka huu aliyewaswaga ni binamu yangu Tluway, mimi sikujua wamefikia boma gani.

Nikauliza mtoto huyo anaitwa nani. Nilishajua kabla hajajibu.

Wamama walitaka mweusi. Kwa Gidamuda mweusi alikuwa mmoja tu, na hakuwa wake. Na yule mshenzi akaja mlangoni kwangu akasema ng'ombe wangu, ng'ombe wangu! Wamekula maksai wa Baba. Na Baba, mzee Basili, hajamgusa mke wa mtu maisha yake yote.

Jumamosi, 12 Novemba

Baba amefika na basi, vumbi mpaka kwenye nyusi. Hakufoka. Afadhali angefoka. Amekataa hata chai ya nyumbani kwangu. Anasema hawezi kunywa chai ya mtendaji ilhali ana kesi kwake. Ameketi benchi la ofisi kama raia.

Ameenda kumwona maksai mwekundu aliyebaki. Amekonda, analia, na akifungwa nira na mwenza mpya halimi. Kwa Baba haki ni fupi: cha mtu kirudi kwa mtu.

Afande Festo, polisi kata wetu, alikuja na pikipiki. Kwake ni fupi zaidi. Nani alifungua zizi? Kama ni Gidamuda, amegawa mali ya mwenzake, anaingia ndani. Kama wamama walivunja, anaita gari kutoka Katesh lije kuwabeba. Gidamuda sasa anakubali ng'ombe si wake, ila anaapa walivunja. Bibi mkubwa wao anasema hawajawahi kugusa zizi la mwanaume. Gidamuda alifungua mwenyewe, anasema.

Mimi namwamini bibi. Lakini mbali na wao, aliyeona ni mmoja, Udaghwenga, alikuwa mlangoni na mtoto. Festo ameniambia nichukue maelezo yake Jumatatu, atayapitia mwenyewe.

Baba aliuliza mama huyo ni nani katika haya. Hakuna aliyekuwa amemwambia habari ya mkono. Nikamwambia. Akauliza mtoto ni wa kike au wa kiume.

Jumapili, 13 Novemba

Kanisani nilikuwa mwili tu.

Akisema mume, mume anafungwa. Akisema wamama, wanafungwa watu pekee waliosimama kwa ajili yake. Baba naye atalima na nini? Kila mmoja ana haki. Hiyo ndiyo shida yenyewe.

Namwogopea. Nimempa mzigo ambao ni wetu sisi wenye mihuri.

Jumatatu, 14 Novemba

Amekuja kwa miguu, mtoto mgongoni. Wamama wamemfuata, wamekaa nje kwenye vumbi wote. Gidamuda yuko peke yake kule kwenye tangi la maji.

Akamwamkia Baba shikamoo. Baba akasema marahaba, macho kwenye ile plasta.

Nikachukua fomu. Jina, tarehe. Nikauliza nani alifungua zizi.

"Andika mimi," akasema. "Nilifungua mimi."

Nikamwambia dada, lile zizi linazibwa na mti mzima wa miiba, mwanaume mwenyewe anauvuta kwa mikono miwili. Akarudia. Hakunitazama. Anataka afungwe yeye! Aliyevunjwa mkono ndiye alipe ng'ombe. Na fomu yangu ingekubali, ina mstari mmoja tu.

Baba akasimama. Akasema kwa Kiiraqw, lugha yetu ya nyumbani, polepole, nisiandike hilo.

Nikasema Baba, bila jina la mtu huna kesi, na umekuja kwa ajili ya ng'ombe wako.

"Nimekuja kwa ng'ombe wangu," akasema. "Sikuja kwa huyu."

Kisha akakaa tena. Bado anamtaka ng'ombe wake, naona. Hajasema amesamehe, na sina haki ya kumwomba asamehe.

Pikipiki ya Festo imezima nje. Nasikia anawaamkia wabibi, mmoja mmoja, wako wengi. Udaghwenga amemshusha mtoto, ananyonyesha. Baba ameangalia dirishani. Naandika kwenye daftari hili kwa sababu kwenye fomu mkono unakataa. Pale pana jina lake na tarehe ya leo tu, mstari wa nani alifungua bado ni mtupu. Festo amebakiza wabibi wawili, kisha anaingia.