Nyama ya Bruno na Popi

Jumatatu, 4 Novemba

Machinjioni Kibondo alfajiri. Gwimo, anayeosha matumbo, kanipa mapafu, wengu na kipande cha utumbo ambacho hakijaoshwa. Nimewakatakatia mbwa uani. Bruno kala kwa pupa, Popi kwa madaha, kama kawaida yao. Nyama mbichi tu, ndivyo Daktari alivyowalea. Nilikuwa mpishi wake miaka yote ya mradi uliomleta hapa. Mradi ulipofungwa akarudi kwao Ulaya. Mbwa nikaomba niachiwe mimi. Hakuna aliyenilazimisha. Nyumba ya mjane ina ukimya mbaya.

Sasa nauza maandazi. Mimi maharage, wao nyama. Majirani wanacheka.

Alhamisi, 7 Novemba

Machinjio yamefungwa. Ugonjwa wa midomo na kwato umeingia kwenye ng'ombe, kuna karantini. Hakuna kuchinja, hakuna mnada. Mpaka lini? Gwimo hajui. Nimemkuta kakalia ndoo yake, hana kazi na yeye. Mbuzi wanauzwa kwa kificho, bei si ya mtu kama mimi. Popi kalamba ubao mkavu wa kukatia nyama.

Jumamosi, 9 Novemba

Kasulu, basi la kwanza. Niliambiwa kule vichwa na miguu ya kuku ni bei ya kutupa. Ni kweli. Anauza mama mmoja Mkongomani wa kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu. Kaniuliza nyumbani tuko watu wangapi. Nikasema ni ya mbwa. Akaacha kuhesabu. Halafu:

"Dada, hii batu banakulaka. Batoto yangu banakulaka."

Akafunga mfuko, hakunitazama tena. Niliona aibu. Na bado nilinunua.

Kurudi, basi likaharibika njiani. Jua kali. Nilipofika nyumbani zaidi ya nusu ilikuwa inanuka. Nimefukia. Chakula cha watoto wa watu, nimekifukia.

Jumanne, 12 Novemba

Ugali na dagaa. Popi kala kidogo. Bruno katapika, kisha kajikuna tumbo hadi damu. Ndivyo alivyo tangu mdogo, unga haumkubali. Mbavu zote nje. Mwanangu kapiga simu kutoka Dar: "Mama, wafungulie tu, watajitafutia." Nimekata simu. Watajitafutia wapi? Wataiba kuku, wapigwe mawe.

Jumapili, 17 Novemba

Ubatizo kwa jirani yangu, Mama Neema. Mjukuu wake wa kwanza. Walipata mbuzi, sijui wapi, sikuuliza. Nilishinda jikoni kwao namenya ndizi. Niliporudi nikakuta mifupa chini ya uzio. Mifupa ya supu. Mama Neema alikuwa amewamwagia ndoo nzima.

"Nimewakumbuka watoto wako nao," kaniambia kutoka upande wa pili, kafurahi kweli.

Daktari alinionya mara nyingi. Mfupa mbichi mbwa anautafuna salama. Uliopikwa unapasuka vipande vikali kama kioo. Popi alikuwa bado ananusa, nikamnyang'anya. Bruno alikuwa amemaliza.

Nikasema asante. Ningesema nini?

Jumatatu, 18 Novemba

Bruno hali. Hanywi. Tumbo gumu. Nikimgusa analia.

Jumanne, 19 Novemba

Bwana mifugo kaja na pikipiki, kachoka, katoka kwenye mazizi ya watu. Kampapasa Bruno muda mrefu. Anadhani mfupa umetoboa utumbo. Inatakiwa kupasua, na hapa hakuna wa kupasua mbwa. Kamchoma sindano ya maumivu, basi.

"Hata ungekuwa na hela, mama, ungempeleka wapi?"

Nilitaka kumchukia. Nimeshindwa.

Jumatano, 20 Novemba

Bruno kafa asubuhi, kichwa kwenye paja langu. Nimechimba mwenyewe nyuma ya migomba. Udongo laini kwa mvua. Maandazi sikupika. Nina hasira na Daktari aliyeondoka. Na karantini. Na Mungu. Na mimi zaidi. Kwa Mama Neema nimeitafuta hasira, sikuiona, na hilo linaniumiza kuliko yote.

Jumapili, 24 Novemba

Mvua tangu asubuhi. Mama Neema kaja na mjukuu mgongoni. Kaangaza uani.

"Yoo! Bruno yuko wapi?"

Nikamwambia kafa. Kauliza kafa na nini.

Nimesema uzee. Bruno hakuwa mzee.

Kanishika mkono, kalia kidogo. Nimempa chai. Mtoto kalala. Popi kaja kujilaza kwenye miguu yetu, mwembamba, kalowa. Mvua ilipopungua, Mama Neema akajitanda khanga, akaenda kwao.