Gari zima nililoliita bovu

Jumapili jioni. Mvua imenyesha tangu asubuhi na Mlima Meru hatujauona kabisa leo. Nimekaa intaneti kafe, viatu vimelowa, naandika jambo ambalo sijamwambia hata mchungaji.

Namwonea wivu mdogo wangu.

Si ule wivu wa kutamani niwe kama yeye. Ni ule mwingine, wa kutaka asipate.

Neema nimempita miaka sita. Baba yetu alikuwa dereva wa lori la mbao kule Olmotonyi, na mimi ndiye niliyekuwa naingia naye chini ya lile lori nikimpa spana. Neema alikuwa anaogopa hata honi. Leo mimi nauza spea Ngarenaro na natembea kwa miguu. Yeye anapeleka mboga kwenye hoteli za watalii, amejenga Moshono, na wiki iliyopita alikuja dukani kuniambia amepata gari la kupanda milima, la zamani, la mzee mmoja mstaafu, limeshatembea zaidi ya kilomita laki tatu.

"Dada, mimi naendesha tu, ubovu wa gari siujui," alisema. "Ukisema nichukue nachukua, ukisema niache naacha."

Jumatano tulikwenda kwa huyo mzee. Nilikuwa nimemwomba asiliwashe kabla hatujafika, maana injini iliyokwisha kupashwa moto huficha mengi. Nikagusa boneti, baridi. Nikafungua rejeta kutafuta mafuta yaliyochanganyika na maji, dalili ya silinda hedi mbovu. Maji yalikuwa safi. Nikachomoa kijiti cha oili, hakuna utando mweupe. Likawashwa, likawaka mara moja. Nikasimama nyuma kusubiri ule moshi wa bluu wa injini inayokula oili.

Haukuja. Nikaumia.

Ndiyo, niliumia. Kila nilipokuta kitu kizima, nilitafuta kingine kibovu. Nikatandika gunia, nikaingia chini, nikawa nagonga chasisi kwa bisibisi nikitafuta kutu iliyofunikwa kwa rangi. Chuma kilikuwa kigumu kila mahali. Pedali zilikuwa zimelika, sawasawa na kilomita zake, kwa hiyo mzee hakuwa amerudisha mita nyuma. Tukalipeleka kwenye mlima wa mawe, nikaingiza gea ya magurudumu manne, likashika na kupanda bila kulalamika.

Kasoro niliyoipata ni shokapu za mbele kuchoka. Kazi ya asubuhi moja.

Tuliporudi, Neema alibaki ameketi mbele, mkoba mapajani, anapapasa kiti taratibu kana kwamba ni chake tayari. Nikamtazama. Kisha nikasikia sauti yangu ikisema, "Liache. Silinda hedi imekwisha. Litakufia njiani."

Akashuka. Akanishika mkono. "Asante dada. Bila wewe ningeingia mkenge."

Akaenda kumwambia mzee kwa adabu. Mzee hakumtazama yeye, alinitazama mimi. "Sawa, mama," akasema, akafunga boneti yake.

Ningeweza kuliacha jambo liishe hivyo. Lakini jana Neema alipiga simu. Pikapu aliyokodi ilikwama kwenye tope huko mlimani asubuhi nzima, hoteli ikakataa karoti kwa sababu ya kuchelewa. Alikuwa amechoka hadi sauti imekauka. "Bora hivi," akasema, "kuliko ningekuwa na lile bovu."

Alikuwa ananifariji mimi.

Leo baada ya ibada nikaenda kwake. Nilimkuta jikoni anamenya ndizi. Sikukaa. "Neema, lile gari ni zima. Nilikudanganya."

Aliendelea kumenya ile ndizi mpaka ikaisha. "Kwa nini?"

"Wivu."

Akaweka kisu chini, akanawa mikono, akachukua mwavuli. "Twende."

"Shikamoo baba," tulisema mlangoni kwa mzee. Akaitikia, lakini hakutukaribisha ndani. Nikamweleza nilichofanya. Alinisikiliza mpaka mwisho.

"Nimelitunza miaka kumi na minne," akasema. "Mbele ya mdogo wako umeliita bovu. Sasa mbele yake liseme lilivyo. Kitu kimoja kimoja."

Akafungua boneti. Nikasimama kwenye mvua, mtu mzima na nguo za kanisani, nikaanza na rejeta. Oili. Moshi. Chasisi. Pedali. Gea. Nilipofika kwenye shokapu za mbele, mzee akatikisa kichwa. "Hizo ni kweli zimechoka," akasema. Ndipo akampa Neema mkono. Wataandikishana kesho saa tatu.

Tulitembea kuelekea barabara kuu, yeye mbele na mwavuli wake, mimi nyuma. Halafu, bila kugeuka, akasema, "Siku nyingine ukiwa na wivu, niambie una wivu. Usiniambie silinda hedi."

Nilitaka kumjibu kwamba umeisha, kwamba nimetubu, kwamba nimefurahi kwa ajili yake. Yangekuwa maneno mazuri, na yangekuwa uongo wa pili.

"Bado ninao," nikasema.

Akasimama. Akanisubiri nimfikie, akanisogezea mwavuli.

Kesho naenda naye kulichukua. Ataendesha yeye.