Baba, Wasifu Wako Ulinishinda

Mpendwa baba,

Jana tulikuzika, na mvua ya Brussels haikutuonea huruma hata kidogo. Maman amelala sasa. Mimi nimekaa jikoni, hapa nyumbani Saint-Gilles, kwenye meza uliyokuwa ukiandikia, na nakuandikia kwa Kiswahili alichokufundisha yeye, maana nikitumia Kiingereza chako nitakutukana.

Nakumbuka meza hii ilivyojaa marehemu wako. Ulianza na mashairi, vitabu viwili vyembamba ambavyo hakuna aliyevinunua, kisha ukahamia kwenye riwaya za watu wa kale: wafumaji, wajane wa askari, mapadri wezi. Ulijua kila mmoja alivaa vifungo gani na bibi yake aliitwa nani. Siku moja ulimsimamisha Maman na kuku mkononi, umuulize kuku ananyonyolewaje bila maji ya moto. "Papa, acha nipike kwanza, bale bantu yako balishakufa," akakwambia. Ulicheka mpaka miwani ikaanguka.

Lakini nilipokuuliza kuhusu watu wako mwenyewe, kule Uingereza, ulinipapasa kichwa. "Sura hiyo bado," ulisema. Nikiwa mdogo niliona ni utani. Nilipokuuliza tena ukubwani, ulivaa koti ukatoka kununua sigara, nawe hukuwahi kuvuta.

Sasa sikia yaliyotokea kwenye matanga. Ukumbi wa kanisa kule Matonge, mtaa wetu Wakongo, ulijaa watu, na mimi, mtoto wako wa pekee, nikapewa kazi ya kusoma wasifu wa marehemu. Desturi yetu unaijua: kwanza hutajwa wazazi, marehemu ni mtoto wa fulani na fulani. Karatasi yangu pale juu ilikuwa tupu. Tonton, kaka yake Maman, akaichungulia.

"Alors, baba yake ni nani? Muntu hatuwezi kumuzika bila kwabo."

Kwenu ni wapi, baba? Kutoka Uingereza hakuja hata mtu mmoja, na sikujua hata pa kupiga simu. Nilikukasirikia, baba, mbele ya jeneza lako. Uliwatafutia wazazi watu waliokufa karne nyingi zilizopita, mimi ukaniacha mikono mitupu. Nikafikiria kutunga. Wewe ungetunga, na ungetunga vizuri.

Maman akanivuta mkono. "Andika jina ya baba yangu," alisema. "Na ya mama yangu. Alikula kwetu, alilia na siye, donc ni mutoto wa kwetu."

Basi nikasoma hivyo, kwa sauti: wazazi wa Maman, wa Bukavu, ndio waliokuzaa. Hakuna aliyecheka. Kina mama waliangua kilio, na Tonton, aliyekuita shemeji miaka yote, akalia akikuita ndugu yangu. Wakarudi makwao wametulia.

Mimi sikutulia. Nawashukuru, na bado naumia. Asubuhi hii nilijitazama kwenye kioo, nikaiona pua hii ambayo si ya Maman wala haikuwa yako, na hakuna aliyebaki wa kumuuliza nimeirithi kwa nani.

Pumzika, baba. Kama huko uliko umemkuta mama aliyekuzaa, mwambie nipo.

Binti yako